Mkupuo mmoja wa mayai, madume mawili: chatu halisi na chotara katika kituo cha kando ya Ziwa Victoria

Mayai yalikuwa 38, yakaanguliwa 31. Katika saba yaliyobaki, manne hayakuwa na mbegu na matatu yalifia ndani. Kwa chatu hayo ni matokeo ya kawaida, na yasingemshughulisha mtu yeyote pale kituoni kama si vichwa vya wale watoto. Wengine walikuwa na doa jeusi zito chini ya jicho, pana kama pembetatu. Wengine walikuwa na mchirizi tu, mwembamba kama uliopigwa kwa ncha ya kalamu. Mama yao ni mmoja. Baba yao, kwa mujibu wa daftari la uzazi, ni mmoja.

Kituo kilikusudia kuomba ruhusa ya kuwaachia watoto 20 katika kinamasi cha wilaya ya Wakiso, Uganda, alikotoka mama yao, na waliobaki kuwagawia vituo vingine kwa ajili ya elimu, kila mmoja na karatasi yenye jina Python sebae. Kabla ya karatasi hizo kuandikwa, ilibidi swali moja lijibiwe: hawa ni chatu wa huku kwetu, au wamechanganyika na chatu wa kusini? Kisa hiki tumekijenga kutokana na mambo yanayowakuta wafugaji wa nyoka mara kwa mara, ndiyo maana kituo hakina jina. Hatua na hesabu zake ni zile zile ambazo mfugaji yeyote anaweza kuzifuata.

Chatu wawili, jina moja

Afrika ina chatu wakubwa wawili wanaoshabihiana sana. Wa kwanza ni Python sebae, ambaye Waganda humwita ttimba. Anaenea kutoka Afrika Magharibi hadi Ethiopia na huku Uganda. Wa pili ni Python natalensis, chatu wa kusini, anayeanzia Kenya na kushuka hadi Afrika Kusini. Mtaalamu wa nyoka Donald Broadley aliwaeleza mwaka 1984 kama nususpishi mbili za spishi moja, kisha mwaka 1999 akampandisha yule wa kusini kuwa spishi kamili. Wakiwekwa banda moja huzaana.

Shida ya mfugaji inaanzia kwenye jina. Aliyejifunza majina zamani huandika "Python sebae" kwa wote wawili, naye hajakosea kwa elimu ya wakati wake. Nyoka akishabadili mikono mara mbili tatu, jina hubaki kwenye karatasi na asili husahaulika. Kwa hiyo karatasi yenye jina hilo bila mahali alipokamatwa nyoka au wazazi wake haithibitishi chochote. Ukinunua chatu, uliza kijiji au wilaya kwanza, jina baadaye.

Wapo wanaodhani chotara ameponyoka sheria kwa kuwa si huyu wala yule. Sivyo. Chatu wote wawili wako katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1991, na azimio namba 10.17 la mkataba huo linamhesabu chotara wa mnyama aliyeorodheshwa kama mnyama kamili hadi vizazi vinne nyuma. Hapa nchini, kumfuga kwenyewe kunahitaji haki ya matumizi ya wanyamapori kutoka UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019. Chotara huandikwa kwenye fomu kwa majina yote mawili yenye alama ya kuzidisha katikati, na kuandika jina moja ni kutoa taarifa ya uongo hata kama hukukusudia.

Kusoma kichwa

Kinachowatofautisha kwa macho kiko kichwani, na ni mambo mawili. La kwanza ni lile doa la chini ya jicho. Kwa sebae ni pembetatu nyeusi iliyojaa, inayotoka chini ya jicho na kupanuka kuelekea mdomoni. Kwa natalensis limesinyaa likawa mchirizi, au halipo kabisa. La pili ni magamba ya juu ya kichwa. Sebae ana magamba makubwa yaliyopangika kwa ulinganifu kwenye paji, kati ya macho. Natalensis ana vipande vidogo vingi visivyo na mpangilio, kama sahani iliyopasuka ikaunganishwa.

Mengine yote tunashauri yaachwe. Watu hupenda kuhesabu safu za magamba katikati ya mwili na magamba ya tumboni, lakini hesabu za chatu hawa wawili zinapishana kiasi cha kutofaa kwa nyoka mmojammoja. Urefu nao haufai: kweli wa kusini huwa mfupi kwa wastani, ila chatu wa bandani hukua kulingana na anavyolishwa. Rangi ndiyo mbaya kuliko yote. Nyoka anayekaribia kujivua gamba hufifia hadi macho yanakuwa kama maziwa, na wakati huo hata pembetatu iliyo wazi huonekana kama uchafu.

Kwa watoto 31, kazi ilifanyika mara baada ya kujivua gamba la kwanza, takriban wiki moja hadi mbili tangu kuanguliwa. Huo ndio wakati bora, kwa sababu rangi ni mbichi na unapata ngozi ya kupeleka maabara bila kumchoma mtoto sindano. Sharti ni kwamba kila mmoja awe katika kisanduku chake chenye namba tangu siku aliyotoka kwenye yai. Ukiwaweka kumi pamoja, utaokota ngozi kumi zisizo na mwenyewe.

Kila mtoto alipigwa picha tano: juu ya kichwa, kushoto, kulia, mbele, na chini ya kidevu, akiwa kando ya rula na karatasi ya namba yake, kivulini mchana bila taa ya kamera, kwa kuwa taa hung'aa kwenye magamba na kufuta mipaka yake. Kisha ngozi ya kichwa ikatandazwa juu ya kioo cha dirisha na kusomwa kwa kioo cha kukuzia. Hapo kuna kosa ambalo hata wazoefu hulifanya. Nyoka hujivua gamba kama mtu anavyovua soksi, ndani ikawa nje. Usipoigeuza tena, kushoto kwa ngozi ni kulia kwa nyoka. Ukilinganisha na picha utaona tofauti isiyokuwepo.

Matokeo ya macho: 19 walikuwa na pembetatu kamili pande zote mbili na magamba makubwa ya paji. Tisa walikuwa na mchirizi na paji lililopasukapasuka. Watatu walikuwa katikati, mmoja wao akiwa na pembetatu kushoto na nusu yake kulia.

Je, ni mashine?

Maelezo ya kwanza ya kituo yalikuwa umeme. Mayai yalitotoleshwa kwenye vermikulaiti, chembe za madini zinazotunza unyevu, kwa nyuzi 31.5, na usiku mmoja katika wiki ya nne umeme ulikatika, jenereta ikakataa kuwaka, joto likashuka hadi nyuzi 27 kwa saa kumi na moja. Dai hili halikuwa la kupuuzwa. Joto lisilofaa wakati wa kutotolesha hubadili mapambo ya ngozi ya nyoka na kuharibu mpangilio wa magamba, kwa hiyo mtoto halisi kabisa anaweza kutoka na kichwa kisichoeleweka.

Lakini kasoro ya joto ina tabia yake. Haichagui. Hukuta upande mmoja wa kichwa na kuuacha mwingine. Huambatana na magamba ya tumboni yaliyogawanyika au mkia uliopinda. Na mayai yaliyolala pamoja huathirika pamoja. Wale tisa hawakuwa hivyo. Vichwa vyao vilikuwa sawa kushoto na kulia, matumbo na mikia haikuwa na dosari, na aliyekuwa na mchirizi chini ya jicho ndiye huyo huyo aliyekuwa na paji lililopasuka. Sifa mbili zisizohusiana zinapotembea pamoja namna hiyo, tafuta damu kabla ya kulaumu mashine. Ni yule mmoja tu mwenye sura mbili ambaye umeme ungeweza kumweleza, na mbele tutaona ndivyo ilivyokuwa.

Tena hawakupangika kwa ngazi kutoka weusi hadi weupe. Walijigawa makundi mawili yenye wachache katikati. Mkupuo mmoja ukijigawa hivyo, dhana ya kwanza iwe baba wawili.

Daftari la usafi

Daftari la uzazi lilimtaja dume A peke yake: aliokotwa akiwa mdogo kwenye shamba la miwa, mahali pakaandikwa, akaonekana akipanda jike mara tatu. Kuonekana akipanda si kuthibitisha ubaba. Jike la chatu huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi, na katika nyoka mkupuo mmoja wenye baba zaidi ya mmoja si jambo geni. Kuna hata chatu majike waliozaa bila dume; kisa cha jike la chatu wa Burma katika bustani ya wanyama ya Amsterdam kilithibitishwa kwa vipimo vya jeni mwaka 2003.

Jibu lilitoka kwa mfagiaji mabanda, ambaye hakuwa ameulizwa mapema. "Mzee, yule dume mwingine alilala humu wakati ule wa kujenga ukuta," akasema, na daftari lake la usafi likamuunga mkono: dume B alikaa na jike siku 16, wiki saba kabla A hajaingizwa. Hakuna aliyeandika kwenye daftari la uzazi kwa sababu hakuna aliyekusudia uzazi. B alinunuliwa akiwa mkubwa, karatasi yake ikiwa na neno sebae bila mahali.

Alipopigwa picha upya baada ya kujivua gamba, B alikuwa na pembetatu yenye pengo katikati upande wa kulia na paji la magamba ya ukubwa wa kati. Miaka yote alikuwa akitazamwa, lakini akitazamwa kama sebae.

Maabara, na kipimo kisichotosha

Sampuli 34 zilitayarishwa: watoto 31, mama, A na B. Ngozi kavu ya ukubwa wa kiganja inatosha na kuzidi. Iokotwe siku hiyo hiyo kabla haijalowa mkojo au kuota ukungu, ikaushwe kivulini, itiwe kwenye bahasha ya kaki pamoja na kifuko cha silika jeli cha kunyonya unyevu, kila moja peke yake, mikono ioshwe au glavu zibadilishwe kati ya moja na nyingine. Mfuko wa nailoni ni adui: unyevunyevu hubaki ndani na bakteria huila DNA kabla haijafika. Kwa wakubwa ambao hawakuwa na ngozi mpya, daktari wa mifugo alitoa damu kidogo kwenye mshipa wa chini ya mkia na kuitia kwenye ethanoli ya asilimia 95. Matone machache yanatosha, maana chembe nyekundu za nyoka, tofauti na zetu, zina kiini chenye DNA. Maabara ikiwa nje ya Uganda, hata ngozi iliyovuliwa inahitaji kibali cha CITES kabla haijavuka mpaka.

Kipimo rahisi ambacho maabara nyingi hukitoa kwanza ni DNA ya mitokondria. DNA hiyo mtoto huirithi kwa mama pekee. Mama akiwa wa Wakiso, watoto wote 31 watasoma sebae hata kama baba ni wa kusini. Ndivyo walivyosoma, wote. B mwenyewe naye alisoma sebae, maana yake mama yake alikuwa wa huku. Mtu aliyelipia kipimo hiki tu angerudi nyumbani na karatasi yenye muhuri inayosema wote ni halisi, na kila neno la karatasi lingekuwa kweli.

Hatari hii imeonekana kwa upana Florida. Mwaka 2018 watafiti walitangaza matokeo ya chatu wapatao 400 waliovamia kusini mwa jimbo hilo, ambao kwa sura walihesabiwa kuwa chatu wa Burma. Angalau 13 kati yao walikuwa na mitokondria ya chatu wa India, spishi nyingine.

Kwa hiyo lazima zipimwe jeni za kwenye kiini, zinazotoka kwa wazazi wote wawili, katika sehemu ambazo sebae na natalensis hutofautiana, na zilinganishwe na sampuli rejea za nyoka wenye asili inayojulikana kutoka pande zote mbili. Ulizia sampuli hizo kabla ya kulipa. Maabara isiyo na natalensis wa kweli wa kulinganisha haiwezi kumwona natalensis ndani ya nyoka wako.

Idadi ya sehemu zinazopimwa ndiyo inayoamua utamwona chotara wa umbali gani. Chotara wa kwanza, nusu kwa nusu, huonyesha alama ya ugeni katika kila sehemu. Akirudishiwa mwenzi halisi, kila sehemu ya mtoto ina nafasi moja kati ya mbili ya kubeba alama hiyo. Mjukuu, moja kati ya nne. Kitukuu, moja kati ya nane. Ukipima sehemu tano tu, chotara wa robo, yaani mtoto wa yule wa kwanza na mwenzi halisi, atakuponyoka mara moja katika 32, jambo linalovumilika. Lakini wa thumuni, yaani mwenye asilimia 12.5 ya damu ya kusini, atakuponyoka karibu mara moja katika nne. Ukipima 20, huyo wa thumuni hukuponyoka mara tatu tu katika elfu, na anayemfuata, mwenye asilimia 6.25, mara saba katika mia. Baada ya hapo unahitaji sehemu nyingi zaidi. Tunaona 20 ni kiwango cha chini kwa nyoka anayekusudiwa kurudishwa porini.

Mama na A hawakuwa na alama yoyote ya ugeni. B alikuwa nayo katika sehemu zote 20: chotara wa kwanza, mama wa huku na baba wa kusini. Watoto 19 walikuwa wa A, wasafi. Kumi na wawili walikuwa wa B, wakiwa na alama kati ya sehemu sita na 14 kila mmoja, kama inavyotarajiwa kwa chotara wa robo.

Sasa rudi kwenye macho. Wale tisa wa mchirizi wote walikuwa wa B. Kati ya watatu wa katikati, wawili walikuwa wa B, na yule mwenye sura mbili alikuwa wa A, halisi kabisa, aliyeharibiwa paji na usiku ule wa nyuzi 27. Na kati ya wale 19 waliopita kwa pembetatu zao kamili, mmoja, namba 22, alikuwa wa B mwenye alama katika sehemu saba. Picha yake ukiiweka kati ya ndugu zake wa upande wa A huwezi kumtoa. Jicho lilikosea mara moja tu katika 19, na huyo mmoja ndiye angekwenda kinamasini.

Kilichofanyika

Watoto 12 wa B walitengwa, wakaandikwa kwa majina yote mawili, na hawatazalishwa. Wanafaa kabisa kwa elimu, wakipelekwa wakiwa na maelezo yao. Namba 22 alikuwa wa kwanza kuwekewa chipu chini ya ngozi, kwa sababu ndiye pekee ambaye akichanganywa na wengine hatambuliki tena. B anabaki kwenye banda la maonyesho peke yake.

Wale 19 hawakuachiwa mara moja. Usafi wa damu ni sharti moja tu. Mwongozo wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, wa mwaka 2013 kuhusu kurudisha wanyama porini unadai pia uchunguzi wa magonjwa, na kuthibitisha kwamba mahali wanapopelekwa panawahitaji na panaweza kuwabeba. Ndugu 19 wa baba na mama mmoja kuwaachia pahali pamoja nalo ni tatizo. UWA ndiyo itakayoamua.

Mama mwenyewe ni halisi, lakini bado hawezi kuaminika kama mzazi. Mbegu za B zinaweza kuwa zimebaki ndani yake. Mkupuo wake ujao utapimwa mtoto kwa mtoto hata kama atakuwa amekaa na A peke yake.

Daftari la usafi lilisomwa nyuma hadi siku B alipofika. Alipitia mabanda manne. Katika moja alikaa siku tisa na jike ambalo mwaka uliofuata lilitaga, na watoto sita wa mkupuo huo walishatolewa kwa mfugaji mwingine kwa jina la sebae. Amepigiwa simu na kuombwa asiwazalishe, na bahasha sita za kaki zenye namba zimetumwa kwake kwa basi zisubiri gamba lijalo.